Chumba cha vioo nyumbani: kuchagua umbo, paa na fremu kwa hali ya hewa ya Uganda

Funika chumba cha mita 3 kwa 4 kwa paa la kioo angavu, kisha funga madirisha. Mchana wa jua kali Kampala, kila mita ya mraba ya paa hilo hupokea karibu wati 1,000, na kioo angavu hupitisha takriban asilimia 80 ya joto hilo. Kwa mita 12 za mraba ni sawa na kuwasha ndani ya chumba pasi tisa za umeme za wati 1,000 kila moja na kuziacha ziwake. Hewa iliyopata moto haina pa kutokea, viti vinapauka, maua yananyauka, na kufikia mwezi wa pili chumba kimeshageuka stoo.

Kosa haliko kwenye vioo. Umbo hili lilizaliwa katika nchi za baridi, ambako kazi yake ilikuwa kunasa joto. Nyumba ya vioo ya bustani ya Kew, London, iliyokamilika mwaka 1848, ilijengwa ili michikichi na jamaa zake kutoka nchi za joto wasife kwa baridi. Huku kwetu mahitaji ni kinyume: tunataka mwanga, bustani ionekane, mvua na mbu wabaki nje, na joto litoke. Kwa hiyo katika sehemu kubwa ya Uganda, paa liwe la kukinga jua, vioo viwe ubavuni, na hewa iwe na njia ya kuingilia chini na kutokea juu. Chagua paa kwanza. Mtindo utafuata.

Hatua ya 1: Pima ukingo wa paa la nyumba

Kabla ya kutazama picha yoyote, chukua futi kamba upime kutoka usawa wa sakafu ya ndani hadi chini ya ukingo wa paa la nyumba. Nyumba nyingi za chini hutoa mita 2.4 hadi 2.6. Kipimo hiki kinakata maneno mengi.

Mfano: ukingo uko mita 2.5, na unataka chumba chenye kina cha mita 3 kwa paa la mabati la mteremko mmoja. Mabati yanahitaji mteremko wa angalau nyuzi 10, yaani sm 18 kwa kila mita. Kwa mita 3 utashuka sm 53, na upande wa mbele utabaki na mita 1.97. Ukitoa unene wa boriti, mlango wa kawaida haukai hapo. Njia za kutoka ni hizi: punguza kina kiwe mita 2, shusha sakafu mpya kwa ngazi mbili za sm 15, au geuza paa liwe la mgongo, lenye kilele kinachoanzia nyumbani kwenda mbele. Wengi huamua kupunguza mteremko hadi nyuzi 3 au 4, na hao ndio wanaoweka beseni sakafuni kila masika.

Hatua ya 2: Jua linapita wapi

Uganda imekatwa na mstari wa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana huegemea kaskazini kwa nyuzi kama 23, Desemba huegemea kusini kwa kiasi hichohicho, na Machi na Septemba husimama utosini. Kampala jua hufika juu kabisa karibu na saa saba mchana, si saa sita.

Kuta zinazotazama kaskazini na kusini ni rahisi kuzitia kivuli. Chukua ukuta wa mita 2.2: sm 60 za chini ni tofali, mita 1.6 za juu ni kioo. Ukingo wa paa unaochomoza mita 1 nje hukifunika kioo chote kuanzia kama saa nne asubuhi hadi karibu saa kumi, hata Juni na Desemba ambapo jua limelala zaidi. Hakuna pazia wala kioo cha rangi kitakachokupa faida hiyo kwa bei hiyo.

Mashariki ni upande mzuri kwa chai ya asubuhi, hasa sehemu za baridi. Magharibi ndiko kwenye shida: jua la saa kumi na moja huingia likiwa chini, na ukingo wa paa haulizuii. Kama bustani yako iko magharibi, panga kivuli cha wima kwa nje, kama vile luva za mbao, chandarua cha kitalu, au mmea wa kutambaa juu ya fito sm 50 kutoka kwenye kioo. Pazia la ndani halitoshi, maana joto likishavuka kioo limeshaingia.

Hatua ya 3: Umbo

Mteremko mmoja ni rahisi, bei nafuu, na huvuja mara chache kwa sababu una kiungo kimoja tu na nyumba. Kwa nyumba ya chini ya kawaida tungeanza hapo.

Paa la mgongo hutoa urefu ndani, na kileleni hewa ya moto hupata pa kukusanyika na kutokea. Hatari yake iko pale linapokutana na paa la nyumba: kunabaki mabonde mawili yanayojaa majani. Kila bonde liwe na bati lililokunjwa lenye upana wa angalau sm 30 kila upande, lipite chini ya mabati ya pande zote mbili.

Mtindo wa enzi ya Malkia Victoria, wenye uso wa pande tatu au tano na nakshi kileleni, unavutia kwenye picha. Kila kona yake hata hivyo ni kiungo, na kila kiungo kinahitaji fundi anayekata pembe kwa usahihi. Usiuagize kama fundi wako hana kazi ya aina hiyo unayoweza kwenda kuitazama siku ya mvua. Ule wa mstatili wenye paa la pande nne, unaoitwa wa enzi ya Mfalme Edward, ni rahisi zaidi na hutumia nafasi yote.

Umbo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni lile lenye nguzo za matofali kwenye kona, paa la kawaida, na vioo vikubwa kati ya nguzo. Huko Ulaya nyumba za namna hii zilikuwa za kuhifadhia michungwa wakati wa baridi. Hapa linafaa kuliko yote: fundi yeyote wa matofali analimudu, paa lake linafanana na la nyumba, na nguzo hutia kivuli.

Hatua ya 4: Paa

Mabati yenye dari. Chukua geji 28 yaliyopakwa rangi kiwandani, ya rangi nyepesi. Geji 30 ni nyembamba zaidi, hubonyea fundi akikanyaga. Chini yake weka karatasi ya kuakisi joto, acha nafasi ya hewa ya sm 3 hadi 5 upande unaong'aa, kisha dari ya mbao au jipsamu. Bila dari, mvua ya Kampala itakunyima mazungumzo. Paneli zenye povu la mm 50 katikati ya mabati mawili hufanya kazi zote hizo kwa mkupuo mmoja na hunyamazisha mvua vizuri, ila zipimwe kabla ya kuagizwa kwa sababu kuzikata kwa grainda huunguza rangi, na kutu huanzia hapo. Mwanga wa juu ukiutaka, weka ukanda unaopitisha mwanga usiozidi sehemu moja ya kumi ya paa, upande wa kaskazini au kusini.

Vigae vya udongo, kama vile vya Kajjansi, ni vya kuchagua iwapo nyumba yenyewe imeezekwa navyo. Vina uzito wa karibu kilo 40 kwa mita ya mraba, mara kumi ya mabati, na vinahitaji mteremko mkali. Kenchi zipangwe kwa uzito huo tangu mwanzo.

Polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) yenye mifereji ndani. Hii ndiyo inayoharibiwa zaidi wakati wa kufunga, kwa hiyo soma polepole. Chagua mm 10, ya rangi ya maziwa au shaba. Angavu itakurudisha kwenye zile pasi tisa. Shiti huja na upana wa mita 2.1, ambao hugawanyika sawasawa kuwa vipande vitatu vya sm 70, hivyo weka boriti kila sm 70. Kisha zingatia haya:

– Upande mmoja tu ndio uliokingwa na jua, nao una nailoni yenye maandishi. Uelekee juu. Ukigeuzwa, shiti huwa ya njano na kuvunjika ndani ya miaka michache.
– Mifereji ishuke na mteremko, kamwe isilale kwa upana.
– Ncha ya juu izibwe kwa utepe wa aluminiamu usiopitisha hewa, ncha ya chini kwa utepe wenye vitundu ili jasho la ndani litoke. Ncha zikiachwa wazi, mwani wa kijani hujaa ndani na hausafishiki.
– Shiti hutanuka kwa joto. Acha mm 3 kwa kila mita ya urefu, na toboa tundu la mm 10 kwa skrubu ya mm 6 yenye washa pana ya raba. Mlio wa kupasuka unaosikika jua linapochomoza ni wa shiti iliyobanwa kupita kiasi.
– Mteremko usipungue nyuzi 5, yaani sm 9 kwa mita.
– Silikoni iwe isiyo na asidi. Ile yenye harufu ya siki hupasua polikaboneti na hula chuma.

Shiti za plastiki zilizokunjwa kama mabati, zinazouzwa kwa bei ya chini, hukakamaa na kupasuka kwa jua. Mvua ya mawe huzitoboa. Ziwekee banda la kuku.

Kioo paani. Kama ni lazima, kiwe cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa plastiki katikati, kile mafundi wanachokiita lamineti, ili kikivunjika kishikilie badala ya kuanguka vichwani. Kioo cha mm 6 kina kilo 15 kwa mita ya mraba, na fremu ibebe uzito huo pamoja na fundi anayekwenda kusafisha.

Kabale na Kisoro ni suala jingine. Mji wa Kabale uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku ni baridi kweli. Huko theluthi moja ya paa ikiwa ya polikaboneti ya mm 16 upande wa mashariki, chumba hupata joto la asubuhi bila kuungua mchana. Kwa Kasese na Fort Portal kumbuka tetemeko. Eneo hilo lilitikiswa vibaya mwaka 1966 na tena 1994. Chagua paa jepesi, na acha nafasi ya mm 5 kuzunguka kila kioo, ijazwe raba.

Hatua ya 5: Fremu

Aluminiamu iliyopakwa rangi ya unga ndiyo chaguo letu kwa walio wengi. Haiozi, mchwa hawaigusi, na mafundi wake wako kila mji. Tofauti ya bei kati ya mafundi hutoka kwenye unene wa ukuta wa profaili, yaani vile vipande virefu vya aluminiamu vinavyounda fremu: kwa nguzo na milango dai mm 1.4 au zaidi, na upime kipande kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) mbele ya fundi. Profaili ya mm 0.9 huyumba upepo ukivuma, mlango unakataa kufunga, na kioo hupasuka kona. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Funika fremu kwa utepe kabla ya kupiga lipu, maana simenti mbichi huila aluminiamu na doa lake halitoki.

Chuma ni chenye nguvu na bei nzuri, na mafundi wa Katwe, Kampala, wanakijua kama kiganja cha mkono. Nguzo ziwe bomba la mraba la mm 50 kwa 50 lenye unene wa mm 2, zisiachane zaidi ya mita 1.5. Kila nguzo ikae juu ya bamba la sm 15 kwa 15, unene mm 6, lenye bolti nne za mm 10, na bamba liinuliwe sm 5 juu ya sakafu. Ziba midomo ya juu ya mabomba yote. Chuma cha fremu hufa kutoka ndani, maji yakiingia juu na kukaa chini, na siku utakayoona kutu kwa nje nguzo imeshatoboka. Kila palipochomelewa pakwanguliwe kwa brashi ya waya, papakwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili, ndipo rangi ya mwisho.

Mbao: mvule na mugavu hustahimili mchwa, kalitunsi (mkaratusi) na paini ni lazima vitiwe dawa kwa shinikizo, siyo kupakwa kwa brashi. Ukinunua Ndeeba, Kampala, uliza mbao imekaushwa muda gani. Mbao mbichi hujikunja na kuvunja kioo. Usizike nguzo ya mbao ndani ya zege. Iketi juu ya kiatu cha chuma unachoweza kukichungulia, kwa sababu mchwa hupita pale usipopaona.

Plastiki ngumu ya PVC hufanya kazi ikiwa nyeupe na ina chuma ndani. Ya rangi nyeusi au kahawia hupinda kwa jua letu.

Hatua ya 6: Vioo vya ubavuni

Kioo cha mm 3 kisikanyage mlango huu. Madirisha yawe mm 5 au 6. Milango yote, na kioo chochote kinachoanza chini ya sm 80 kutoka sakafuni, kiwe tempa, yaani kioo kilichopashwa moto kiwandani, ambacho kikivunjika huwa chembe butu badala ya panga. Tempa haikatwi tena ikishatoka kiwandani, kwa hiyo vipimo vichukuliwe baada ya fremu kusimama, siyo kwenye mchoro.

Kwa chumba chetu cha mita 3 kwa 4, pande tatu zina mita 10. Toa mlango wa mita 1.8, zinabaki 8.2, zidisha kwa kimo cha 1.6, unapata mita za mraba 13. Kwa mm 6 ni kilo 195 hivi, mbali na mlango.

Vioo viwili vyenye hewa katikati husifiwa sana na wauzaji. Huzuia joto la ndani lisitoke, jambo linalofaa Kabale, ila hupitisha jua karibu kama kioo kimoja. Kwa Kampala, Jinja au Gulu weka fedha hiyo kwenye ukingo mrefu wa paa.

Hatua ya 7: Hewa, mbu na wezi

Dirisha la kusukuma pembeni hufunguka nusu tu. Ukiwa na mita 4 za dirisha la namna hiyo, hewa inapata mita 2. La bawaba au la luva hufunguka karibu lote. Panga nafasi za kufunguka zifikie angalau moja ya tano ya sakafu, hapa mita za mraba 2.4, nusu chini upande upepo unakotoka na nusu juu upande wa pili. Wavu wa mbu hupunguza hewa sana. Kwa hiyo chukua kipimo hicho na ukiongeze maradufu kila penye wavu.

Karibu na ziwa, Entebbe kwa mfano, wadudu wadogo wanaopaa juu ya maji kama moshi huja kwa makundi kufuata taa, na msimu wa senene huleta wengine. Taa za nje ziwe za njano na mbali na mlango.

Nondo za dirisha zifungwe upande wa ndani wa kioo, na moja ifunguke kwa ufunguo unaotundikwa mahali watoto na wageni wanapajua. Moto hausubiri.

Hatua ya 8: Msingi na sakafu

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi. Kwa udongo mwekundu, msingi wa sm 60 hutosha kwa ukuta mfupi na fremu nyepesi. Udongo mweusi unaopasuka kiangazi, kama ule wa Karamoja, uchimbwe hadi sm 90 na kujazwa maramu inayoshindiliwa kila sm 15.

Kwa sakafu ya mita za mraba 12: mawe yaliyoshindiliwa sm 15, agiza mita za ujazo 2.3, dawa ya mchwa, nailoni nzito ya kuzuia unyevu, ikipandana sm 20, wavu wa chuma, kisha zege sm 10 kwa mchanganyiko wa 1:2:4. Zege hilo ni mita za ujazo 1.2: mifuko 8 ya simenti, mchanga 0.6, kokoto 1.1. Limwagilie maji siku saba. Ukuta mfupi wa sm 60 utachukua bloku 65 za inchi 6. Usiupunguze, kwa sababu ndio unaokinga vioo na matope mekundu yanayoruka mvua inaponyesha.

Haya yote yasikusahaulishe kibali: Sheria ya Kudhibiti Ujenzi ya 2013 inaweka idhini mikononi mwa kamati za ujenzi, hivyo peleka mchoro kwa ofisa wa ujenzi wa eneo lako kabla ya kuchimba.

Hatua ya 9: Kiungo na nyumba

Hapa ndipo maji huingilia. Nyumba imeshatulia miaka mingi, chumba kipya kitashuka kidogo, na ukiviunganisha kwa lipu ufa utakuja tu. Acha nafasi ya mm 10 kati ya ukuta wa zamani na mpya, jaza sponji, maliza kwa silikoni isiyo na asidi.

Juu, chora mstari kwenye ukuta sm 15 juu ya paa jipya, kata mfereji wa kina cha sm 2.5 hadi ufikie tofali lenyewe, ingiza ncha ya bati lililokunjwa, libane, ndipo uzibe. Bati lililobandikwa juu ya lipu kwa silikoni pekee hudumu msimu mmoja, kwani maji hupita nyuma ya lipu.

Maji ya paa la nyumba yasimwagikie paa jipya. Mvua ya mm 100 kwa saa juu ya mita za mraba 40 ni lita 4,000. Weka gata la nyumba kwanza, lishuke mm 5 kwa kila mita, na bomba la inchi 3 liyapeleke kwenye tangi au mtaro.

Kabla ya kumaliza malipo, chukua mpira wa maji na umwagie kiungo, kona na kila dirisha dakika 20, kuanzia chini kwenda juu, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Ukianza juu, maji yatashuka kote na hutajua tundu liko wapi. Mwaga pia kikombe cha maji kwenye reli ya kila dirisha: yatoke nje kupitia matundu ya chini ndani ya dakika moja. Matundu hayo huzibwa na vumbi jekundu, kwa hiyo yachokonoe kwa waya kila Februari na Agosti, kabla mvua haijaanza.